Merikebu Iliyozaliwa Mara Mbili

Ninyi mkaao Kalemie na Uvira mnalijua vema ziwa letu Tanganyika. Ng'ambo ya pili, upande wa mashariki, uko mji wa Kigoma, ambapo reli itokayo Dar es Salaam hukoma karibu na maji. Ufukoni pale iliundwa merikebu ambayo habari zake zafaa kukumbukwa.

Kwanza mtauliza: merikebu ya chuma, yenye urefu wa karibu mita 70, ilifikaje katika ziwa lililozungukwa na milima? Jibu ni hili: ilifika vipande vipande. Mwaka 1913 Wadachi waliiunda kwao, katika mji wa Papenburg, kisha wakaifungua na kuitia katika masanduku 5,000. Masanduku yakavuka bahari, yakapakiwa katika gari la moshi, yakashushwa Kigoma. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili wakaja kuiunga upya. Vibarua wengi Waafrika walifanya kazi pamoja nao, bamba juu ya bamba, ribiti baada ya ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini, ikaitwa Graf von Götzen.

Ilikuwa wakati wa vita, nayo ikatiwa mizinga. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yalikaribia Kigoma, na amri ikatolewa merikebu izamishwe isije ikatekwa. Wengine wangaliivunja kwa hasira. Mafundi hawakufanya hivyo. Waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili kutu isiile, ndipo wakaizamisha polepole.

Miaka ikapita, nayo imelala chini ya maji. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua. Walipoifuta matope, waliikuta mitambo ingali inafaa! Wakaitengeneza, na mwezi wa Mei 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya: Liemba. Ilitumia mvuke kwa miaka mingi, hata ilipowekewa mitambo ya dizeli.

Basi, kazi hii yote ilimfaa nani? Sikilizeni. Mwaka 1997 wakimbizi wengi wa Kongo walikuwa Kigoma wakingoja kurudi kwao. Liemba ikawapakia, akina mama na watoto na mizigo yao, ikawavusha mpaka Uvira, ikarudi kuchukua wengine. Chombo kilichopata kutiwa mizinga ya vita kiliwarudisha watu nyumbani.

Mafundi wa mwaka 1916 hawakuyajua hayo. Walijua tu kwamba chombo chema hakistahili kuharibiwa, hata kama kesho kitashikwa na mkono wa adui.

Wanafunzi, mnapomaliza kulima, msilitupe jembe na matope yake. Lifuteni, mliweke pakavu. Fundi hajui kazi yake itamwokoa nani.