Vitu vya Mikono Kwenye Njia ya Omate

Ukisikia neno "sanaa" nafikiri unawaza picha zilizotundikwa ukutani kwa mtu tajiri, au zile sanamu wanazouziwa wageni mlangoni mwa hoteli. Leo weka hayo pembeni. Twende pamoja njia ya Omate, kule Walikale kwenye dhahabu, na njiani uangalie vitu ambavyo watu wameshika mikononi. Usiangalie watu tu. Angalia vitu.

Tuanzie Goma. Tangu mwaka 2009 kuna sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu pale kwenye mzunguko wa barabara: mtu na chukudu yake. Miji mingi inasimamisha sanamu za majenerali. Goma ilisimamisha ya mbeba mizigo, na mimi kwa hilo naipongeza.

Chukudu unaijua, si ndiyo? Umeipisha barabarani mara elfu. Lakini uliwahi kuinama ukaiangalia? Mwili wake ni mti mgumu, mara nyingi mukaratusi. Magurudumu yamechongwa kwa panga na tezo, halafu yakavishwa ukanda wa mpira wa gari uliokatwa ili yasile mawe na mawe yasiyale. Nyuma kuna kipande kingine cha mpira: ukikikanyaga kinabana gurudumu, ndiyo breki hiyo. Ubao wa mizigo umekaa chini karibu na udongo, maana mzigo ukikaa juu utakuangusha kwenye kona ya kwanza ya Masisi. Na sasa angalia vizuri: juu ya ubao kuna kipande cha sapatu ya zamani au cha mpira, kimepigiliwa misumari. Hicho ni cha goti. Kwenye mteremko mtu anapiga goti moja pale, mguu mwingine unasukuma. Kuna fundi ambaye hakumaliza kazi kabla ya kufikiria goti la mwenzake.

Kitu hiki kilianza kuonekana huku kwetu miaka ya 1970. Fundi anaitengeneza kwa siku moja mpaka tatu, na zile kubwa wanasema zinabeba hata kilo 800. Viazi, maharagwe, makala, mbao, mgonjwa pia. Haikuja kutoka Ulaya wala Dubai. Sisi tunaiona kuwa kitu cha maskini, wageni wanaipiga picha. Hapo kila mtu ajiulize mwenyewe.

Basi pita Sake, panda milima ya Masisi, endelea Nyabiondo na Kashebere, mpaka msitu wa Walikale ukufunike. (Lakini usifunge mzigo kesho kwa sababu umesoma hapa. Mwezi wa tatu 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre, na mtu mwenye akili anauliza kwanza habari za njia.) Ndani ya msitu chukudu inashindwa. Matope hayaitaki. Hapo kazi inarudi kwa mgongo wa mtu.

Mgongo nao una fundi wake. Angalia kitunga cha mama anayetoka kuuza muhogo: chini chembamba, juu kipana, na kamba inayopita kwenye paji la uso. Mahali pa paji kamba imesukwa pana kama kiganja ili isikate ngozi. Kwenye ncha imekazwa nyembamba ili ishike kitunga. Na huko Bisie, katika territoire hiyohiyo ya Walikale, wakati wa vita na baada yake vijana walitoa kasiterite msituni hivyo, kilo 50 mgongoni kwa kila mmoja, siku nzima na zaidi.

Wanyanga wa Walikale hawakuanza jana kuheshimu kitu cha mkononi. Utenzi wao wa Mwindo, ambao mzee Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956 na ukachapwa kitabu mwaka 1969, unamhusu shujaa ambaye nguvu yake haimo katika upanga wala mkuki. Imo katika mgwisho, ule wa kufukuzia nzi, wenye mkia wa nyati. Nasi katika kanisa tunaye Besaleli wa kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Yeye hakupewa Roho ili ahubiri. Alipewa ili achonge na afue.

Sasa tumefika kwenye machimbo. Jicho la kwanza litakuambia hakuna kitu cha kuangalia: miti, turubai (bashi, kama tunavyosema), matope ya rangi ya chai. Ni mahali ambapo kila mtu anasema atakaa mwezi mmoja tu, na wengine wanazalia pale. Kwa hiyo hakuna anayejenga cha kudumu. Lakini ona taa iliyotoka kwenye kopo la maziwa. Ona babula iliyokatwa kwenye bati la pipa, matundu yake yamepangwa kwa mstari ingawa hakuna aliyeagiza mstari. Ona ubao wa kuoshea dhahabu, umetandikwa blanketi la zamani. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19, mchanga hata mara tatu haufiki. Maji yanachukua mchanga, manyoya ya blanketi yanashika dhahabu. Blanketi lililomlalisha mtoto sasa linamtafutia ada ya shule.

Na mwisho wa siku, watu wamekaa kimya kuzunguka kitu kidogo kuliko vyote: mizani. Hapa nakuomba usimame kidogo nami.

Mizani ya machimbo yetu mara nyingi imetengenezwa kwa mkono. Kijiti au waya, nyuzi, visahani viwili. Upande mmoja dhahabu, upande wa pili njiti za kiberiti, sarafu ya zamani ya Zaire, au kifuniko cha chupa. Ni nzuri kwa macho, nakubali. Ukipuliza inacheza. Huko Nairobi kuna msanii, Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye kwa waya na vitu vya jalalani anatengeneza miwani inayoonyeshwa katika majumba ya sanaa ya nchi nyingi. Mimi ningemwonyesha mizani hii, naamini angefurahi.

Lakini miwani ya Kabiru ikipinda haimnyimi mtoto chakula. Mizani ikipinda inamnyima. Na tufahamu vizuri: anayeleta mizani kwa kawaida ni mnunuzi. Mchimbaji analeta jasho tu. Njiti iliyolowa maji ni nzito kuliko njiti kavu. Mkono mmoja wa mizani ukiwa mrefu kuliko mwenzake hata kwa unene wa ukucha, kile kijumba cha turubai kitalala na sombe bila mafuta, wala baba hatajua kwa nini. Walawi 19 na Mithali 11 zimesema juu ya mizani wazi kabisa, nenda ukasome. Lakini kusoma peke yake hakunyooshi kijiti.

Vijana wa shimo moja wanaweza kuwa na mizani yao. Kuitengeneza ni kazi ya jioni moja. Chukua kijiti kilichonyooka na kikavu, tafuta katikati kwa kukipima na uzi uliokunjwa mara mbili, toboa hapo. Ning'iniza visahani viwili sawa, hata vifuniko viwili vya chupa ya aina moja. Vikiwa vitupu kijiti kilale sawa. Halafu fanya jaribio ambalo halihitaji shule: weka dhahabu kushoto na njiti kulia, hesabu njiti. Sasa badilisha, dhahabu kulia na njiti kushoto. Hesabu ikibadilika, mizani ile inasema uongo, yako au ya mnunuzi.

Na kama unataka kujua gramu, unayo tayari mfukoni, kama Mungu amekujalia. Noti ya dola ya Marekani, iwe ya 1 au ya 100, ina uzito wa gramu 1. Iwe safi na kavu. Ikunje ndogo, iweke kwenye kisahani, uone njiti ngapi zinalingana nayo. Andika hesabu hiyo kwa makala kwenye nguzo ya nyumba, mama aione, na PDG wa shimo aione. Ukienda kwa mnunuzi mwenye mizani ya betri, mwombe kwa adabu aipime kwanza noti ile mbele yako.