Fremu na Hesabu ya Wageni wa Tovuti

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wanadhani kilizikwa zamani: fremu. Kama uliwahi kutembelea tovuti za mwishoni mwa miaka ya 1990, unazikumbuka. Nembo iko juu haisogei, menyu iko kushoto haisogei, na maandishi ya katikati ndiyo yanayobadilika ukibofya. Basi, fremu bado ziko hai, na juzi juzi nimekutana nazo hapa Siakago zikiharibu hesabu ambayo watu walitaka kuifanyia uamuzi mzito.

Tuanze na historia kidogo. Fremu zililetwa na Netscape katika Navigator 2.0, kivinjari kilichotoka mwaka 1996. Mwishoni mwa 1997 ziliingizwa rasmi katika HTML 4.0. Kwa wakati wake lilikuwa wazo zuri. Modemu zilikuwa polepole, na hapa Kenya tulitegemea setilaiti hadi kebo za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009. Saiba ilikuwa ya kulipia kwa dakika. Kama menyu haipakuliwi upya kila unapobofya, umeokoa pesa.

Shida ilianzia kwenye kuhesabu. Seva ya wavuti haimjui mtu. Inachojua ni maombi ya faili, na kila ombi inaliandika mstari mmoja kwenye daftari lake. Sasa chukua tovuti ya fremu tatu. Mgeni anaandika anwani mara moja tu, lakini daftari linaonyesha hivi:

index.html
juu.html
menyu.html
karibu.html

Mistari minne, mtu mmoja, na machoni pake ni ukurasa mmoja! Akibofya "Bei" kwenye menyu, unaongezeka mstari mmoja tu, bei.html. Kwa hiyo ameona kurasa mbili, na daftari lina maombi matano. Huwezi hata kugawanya kwa nne ukapata ukweli, kwa sababu kubofya kwa pili hakufanani na kwa kwanza.

HTML5 ilipokamilika mwaka 2014, fremu za aina hiyo zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati. Iliyobaki ni aifremu, yaani dirisha la kuweka ukurasa mmoja ndani ya mwingine. Ndiyo inayotumika kuonyesha ramani au video ya YouTube kwenye tovuti yako. Lakini vivinjari bado vinaelewa fremu za zamani, na kuna mahali zimejificha ambapo hata mwenye tovuti hazioni: kwenye huduma ya kufunika anwani.

Huduma hiyo inafanya kazi hivi. Una tovuti ya bure yenye anwani ndefu isiyopendeza. Unanunua jina fupi zuri. Badala ya kuliunganisha jina na tovuti moja kwa moja, muuza majina anaweka ukurasa mmoja mtupu wenye fremu moja kubwa, na ndani ya fremu hiyo ndimo tovuti yako ya bure inamoonekana. Juu kwenye kivinjari mgeni anaona jina zuri tu, popote anapobofya.

Sasa turudi Siakago. Kuna kikundi cha wakulima wa ndengu chenye tovuti ya namna hiyo, kurasa tano: karibu, bei ya wiki, siku za kukusanya mavuno, mbegu, na mawasiliano. Fundi aliyewajengea alitumia kufunika anwani, akaweka msimbo wa Google Analytics kwenye kurasa za ndani, akaenda zake. Kila wiki kikundi pia huwatumia wanachama bei kwa SMS, na SMS hizo zinalipiwa. Ripoti ya tovuti ilipoonyesha wageni wengi kuliko wanachama wote, hoja ikaletwa mkutanoni: tuache SMS, bei ziwe kwenye tovuti tu, tuokoe pesa.

Mweka hazina, mama mmoja mwenye miaka yake, hakushawishika. Aliniuliza, "Mwanangu, kama hawa wote wanasoma bei huko, mbona sokoni bado kuna mtu anauza ndengu kwa bei ya wiki iliyopita?"

"Nipe siku mbili, Mama," nikamwambia, "niangalie."

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Nilichukua simu ya Android, nikafungua tovuti kwa Chrome kupitia jina la kikundi, nikabofya kurasa zote tano. Ripoti ya papo hapo ikasema wageni watano. Kisha nikafungua ile anwani ndefu ya bure, bila fremu, nikarudia kurasa zilezile. Ripoti ikaongeza mgeni mmoja tu, kurasa tano.

Kwa nini? Analytics inamtambua mgeni kwa kidakuzi, ambacho wengi wetu tunakiita kuki. Ni alama ndogo inayowekwa kwenye kivinjari ili ukifungua ukurasa wa pili ijulikane ni wewe yuleyule. Lakini ukurasa ukiwa ndani ya fremu ya jina lingine, kivinjari kinauona kama mgeni ndani ya nyumba ya mwenyewe. Safari ilianza kuvizuia kabisa vidakuzi vya namna hiyo Machi 2020. Chrome nayo, mwaka huohuo, ilianza kuvikataa ndani ya fremu kama mwenye tovuti hajavitangaza waziwazi kwamba vitatumika humo. Kidakuzi hakikai, kwa hiyo kila ukurasa unaofunguliwa unahesabiwa kuwa mtu mpya.

Si hilo tu. Safu ya "mgeni ametoka wapi" nayo ilikuwa imepotoka. Aliyebofya kiungo Facebook alionekana ametoka kwenye jina la kikundi chenyewe, kwa sababu ukurasa wa ndani unaona fremu iliyoubeba, hauoni kilicho nyuma yake. Na ukurasa wake wa pili ulionekana kama wa mtu aliyekuja mwenyewe bila kuelekezwa na yeyote. Halafu mkulima akitaka kumtumia mwenzake ukurasa wa bei kwa WhatsApp, anwani anayoiona juu ni ileile ya mwanzo. Mwenzake anaangukia ukurasa wa karibu na bei haioni.

Wakaniuliza basi wageni halisi walikuwa wangapi. Hesabu hiyo haiwezi kurudishwa. Ukigawanya kwa tano unampunja aliyefungua ukurasa mmoja tu, na waliokuja kutoka Google moja kwa moja hadi anwani ya bure walihesabiwa sawasawa. Nilichoweza kusema kwa uhakika ni kwamba idadi ile haikuwa idadi ya watu. Hilo lilitosha. SMS ziliachwa ziendelee, maana wanachama wengi wazee wana simu za mulika mwizi, na kwao SMS ndiyo kinga pekee mbele ya broka anayefika na mizani yake kabla ya habari za bei.

Kama una tovuti, fanya haya:

1. Fungua tovuti yako, bofya ukurasa wowote wa ndani, kisha tazama anwani juu. Kama haibadiliki, kuna uwezekano mkubwa umefunikwa na fremu.

2. Liunganishe jina lako na tovuti moja kwa moja kupitia DNS. Kama huduma yako ya bure hairuhusu, tumia uelekezaji wa kawaida usiofunika anwani. Jina refu lenye hesabu ya kweli ni afadhali.

3. Kama wewe mwenyewe umeweka ukurasa wako ndani ya ukurasa wako mwingine kwa aifremu, usiweke msimbo wa kuhesabu kote kuwili. Uweke kwenye ukurasa wa nje tu, la sivyo kila ufunguzi utahesabiwa mara mbili.

4. Andika tarehe uliyoondoa fremu. Ripoti itaonyesha wageni wameporomoka siku hiyo, na mtu asiyejua atadhani tovuti imekufa.

Na kabla hujafanya uamuzi wa pesa za watu kwa kutazama grafu, chukua simu yako, bofya mara tano, uone grafu inasema nini. Haya, kazi kwenu!