Kutoka Barua ya Mfadhili hadi Fomu ya Mkopo

Enzi zetu, mtoto asiyeona wa familia ya wakulima Dodoma alisoma kwa barua. Hakuziandika yeye. Ziliandikwa na mchungaji, zikatafsiriwa kwa Kiingereza na mwalimu aliyekijua, zikapelekwa kwa wafadhili Ulaya pamoja na picha ya mtoto mwenyewe akiwa amesimamishwa mbele ya nyumba. Yangu ilipigwa mwaka niliopelekwa Buigiri, shule ya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana. Mama alinivalisha shati la kwendea kanisani. Mpiga picha akamwambia anibadilishe, nivae la shambani. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa: shati safi lingeweza kunikosesha shule.

Wafadhili siwalaumu. Bibi mmoja wa Uingereza, ambaye sikuwahi kuisikia hata sauti yake, alinilipia bweni na karatasi nene za breli mpaka nikafika Shule ya Sekondari Mpwapwa. Mungu amlipe. Ila elimu inayoning'inia kwenye huruma ya mtu mmoja aliye mbali haina uhakika. Mwenzangu wa bweni alifiwa na mfadhili wake. Pesa zikakoma, na likizo iliyofuata alikwenda kwao asirudi tena. Kwa hesabu alikuwa ananizidi.

Mpwapwa ndipo nilipoanza kuijua gharama isiyoandikwa kwenye risiti ya ada. Tuliandika kwa mashine za Perkins, za chuma, zenye vitufe sita vya nukta, uzito wake karibu kilo tano, na kengele inayolia ukikaribia mwisho wa mstari. Zilitoka Marekani, moja ikiuzwa kwa mamia ya dola, kwa hiyo tulizitumia kwa zamu. Usiku wa kuamkia mtihani darasa zima lilikuwa kengele tupu. Aliyekosa zamu alichukua kibao na stailasi, akatoboa karatasi nukta baada ya nukta kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akaigeuza ili asome alichoandika. Wenzetu wanaoona walihitaji kalamu ya Biki tu.

Nilijiunga na chuo kikuu mwaka 2004. Wazee wetu walisomeshwa na Serikali kwa kila kitu, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini uchangiaji wa gharama ulikuwa umeshaingia, na mimi mwaka wa kwanza niliumaliza kwa michango ya ukoo na harambee ya kanisani. Halafu ikaja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Rafiki yangu alinijazia fomu huku nikimtajia majibu. Hapakutakiwa barua ya kumsikitisha mtu wala picha mbele ya nyumba. Niliomba kwa jina langu kama wanafunzi wengine, nikajua deni ni langu na nitalilipa. Sijui kama anayeona anaweza kuelewa heshima niliyoisikia siku ile. Kukopeshwa ni kuaminiwa kwamba utafanya kazi.

Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipotoka tulisaini foleni moja na wenzangu, lakini matumizi hayakufanana. Maktaba haikuwa na kitabu kimoja cha breli katika masomo yangu. Kila jioni mwanafunzi mwenzangu alinisomea vitini, nami nikimrekodi kwenye kaseti ili nisikilize tena usiku. Kijana yule naye alikuwa mtoto wa maskini, na saa alizonipa alizitoa kwenye masomo yake. Nisingeweza kumwacha na njaa. Kwa hiyo pesa ya chakula cha mtu mmoja ililisha wawili, na iliyobaki ilinunua betri na kaseti.

Vipengele vya mkopo tulivyovizoea vilikuwa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Ilikuwa orodha nzuri kwa mwanafunzi anayesoma kwa macho yake. Baadaye nilipoajiriwa kuwa mwalimu nilikatwa marejesho kama wote, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2016 makato yakawa asilimia 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, tukapumua.

Kwa upande wa ufundi, hadithi ninayoijua kwa karibu ni ya binamu yangu, ambaye polio ilimlemaza miguu. Serikali ina vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo jijini Dar es Salaam, Masiwani kule Tanga na Luanzari mkoani Tabora, ingawa baadhi vilikaa vimefungwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Binamu alipata nafasi katika chuo kimoja, akajifunza ushonaji bila kulipa ada, akatoka na cheti kizuri. Cherehani hakutoka nacho. Alirudi kijijini na ujuzi wake, akawa anashonea mashine ya mtu sokoni na kumwachia mwenyewe nusu ya kila alichopata. Kumfundisha mtu ushonaji kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni kumsomesha nusu.

Kilichomtoa hapo ni mkopo wa halmashauri. Mwaka 2018 ikawa sheria kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Binamu na wenzake waliunda kikundi, wakahangaika na katiba, akaunti ya benki na mihuri, mwishowe wakapata. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, ikarudi mwaka 2024. Wao walikuwa wameshanunua vyerehani vyao, na leo binamu anafundisha mabinti wawili.

Wanafunzi wangu wasioona wa sasa hawahitaji kaseti. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na kuendelezwa naye pamoja na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, inasoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kompyuta na hutolewa bure. Kompyuta yenyewe si bure, na ndiyo wanayoikosa.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni hili: pesa ya kifaa saidizi na ya msaidizi iwe ruzuku, isiwe deni. Si haki mtu akatwe mshahara miaka mingi kulipia macho ambayo mwenzake hakuyakopa. Na kila anayehitimu ufundi akabidhiwe zana za kazi siku anayopewa cheti.

Nawe mzazi, kama kijana wako mwenye ulemavu amemaliza kidato cha sita, usingoje mfadhili. Mpeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya fomu ya ulemavu wake ithibitishwe mapema, kabla dirisha la maombi ya mkopo halijafungwa.