Watu wa Ziwa Mjini Geneva

Julai 2015 Ulaya ilikuwa inaungua. Hoteli tuliyopangiwa, nyuma ya stesheni ya Cornavin, haikuwa na kiyoyozi wala feni, na kijana wa mapokezi alinieleza kwa upole kwamba kwao joto si jambo la kawaida. Nikamwambia mimi natoka Mwanza, hatua chache kutoka mstari wa ikweta, na sijawahi kulala na taulo bichi kifuani. Akacheka, akaniletea taulo la pili. Jumanne iliyofuata, siku ya Sabasaba, Geneva ilipima nyuzi 39.7, rekodi ya wakati huo kwa Uswisi yote ya kaskazini mwa milima ya Alps.

Mkutano wetu ulihusu kichocho. Ijumaa jioni ulisimama hadi Jumatatu, na wenzetu wa Ulaya wakakimbilia treni zao. Tuliotoka mbali tukabaki. Mimi nilibaki na dada mmoja wa Homa Bay, mtaalamu wa konokono, aliyenizidi umri na maneno. Jina langu alikuwa hajishughulishi nalo. Aliniita "Mwanza" tu, na mimi nikamwita dada.

"Mwanza," akaniambia Jumamosi asubuhi, "leo sitaki kuona slaidi. Nipeleke ziwani."

Geneva ina ukarimu mmoja ambao miji mingi ya bei zake haina: mgeni wa hoteli hupewa kadi ya kusafiria bure kwa tramu, basi na zile boti ndogo za manjano zinazovusha watu kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Tulipanda boti, tukavuka, tukageuka, tukavuka tena, bila haja yoyote. Dada alisema kwao mtu akivuka ziwa ana mgonjwa, ana mzigo au ana matanga. Mimi nilikuwa natafuta maboya yalipowekwa. Mtu aliyekuwa Mwanza Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu, haingii chomboni bila kupitisha jicho hilo.

Katikati ya safari upepo ulitumwagia matone ya ile chemchemi kubwa, Jet d'Eau. Hurusha maji mita 140 juu, lita 500 kila sekunde, na sasa ni nembo ya mji. Lakini ilianza kwa shida ya kikazi. Mwaka 1886 kulikuwa na mtambo mtoni Rhône uliosukuma maji ya kuendeshea mashine za karakana. Jioni mafundi walipozifunga mashine zao, msukumo ulizidi mabombani, ikabidi maji yapewe pa kutokea. Watu wakapenda kuyatazama. Mwaka 1891 yakahamishiwa hapo yalipo, kwa ajili ya kutazamwa tu. Dada hakuvutiwa sana na urefu wake. Aliuliza bili ya umeme anailipa nani.

Mchana ulitukuta Bains des Pâquis, gati la zege lililoingia ziwani na mnara mdogo mweupe wa taa mwishoni. Ukinitaka niseme mahali pamoja pa Geneva pa kwenda, ni hapo, wala si kwenye maduka ya saa. Kiingilio ni faranga chache mno. Palijengwa 1932, na miaka ya themanini wakubwa wa mji walitaka kupabomoa wajenge upya. Wananchi wakapiga kura ya maoni mwaka 1988, wakapaokoa. Ndiyo maana pana watu wa kila namna: bibi vizee waliochomwa na jua hadi wakawa rangi ya ngozi ya mkoba, vijana wa Eritrea wakipiga mbizi, wanasheria waliovua tai, mama wa Kireno na sufuria yake ya wali. Mezani watu walibishana kuhusu kura ya Ugiriki ya kesho yake. Simu yangu nayo ilikuwa inalia kila mara: nyumbani walitaka kujua huko nje tunasikia CCM itampa nani apeperushe bendera. Hatukuwa tumesikia kitu.

Karibu na ngazi za kuingilia majini palikuwa na tangazo lenye picha ya bata. Dada alinikabidhi mkoba, akasoma, akaanza kucheka. Lilionya kuhusu vijidudu vinavyowasha ngozi ya waogaji. Sisi tulivijua vilikotoka. Ni ndugu wa kichocho chetu: huishi ndani ya bata, mayai yake yakaangukia majini, yakaanguliwa, vilui vyake vikaingia kwenye konokono, kisha humo vikatoka vilui vingine kumtafuta bata mwingine. Vikikosea vikampata mtu, hutoboa ngozi vikafia hapohapo. Muwasho wa siku kadhaa, basi. Cha kwetu hakikosei. Hupenya, kikasafiri kwa damu hadi kwenye mishipa ya utumbo na ini, kikakaa miaka, na ndiyo sababu tunakwenda shuleni na ule mti wenye alama, kumpima mtoto urefu ili tujue apewe vidonge vingapi vya praziquantel.

"Kwa hiyo hawa wamewekewa tangazo la kujikuna," alisema dada. Akavua kanga, akashuka ngazi.

Nilimfuata. Nimekulia mita mia mbili kutoka majini na nilikuwa mtu mzima mwenye shahada mbili, lakini sikumbuki kuwa niliwahi kuingia ziwani bila sababu. Tuliingia kuteka, kufua, kusukuma mtumbwi, na baadaye kukusanya konokono tumevaa mabuti ya mpira hadi mapajani. Pale nililala chali, masikio ndani ya maji, sina ninachotafuta.

Usidhani lile ziwa lilizaliwa safi. Miaka ya sitini na sabini lilikuwa linakabwa na mwani, kwa fosfati za sabuni za kufulia na maji machafu ya miji. Uswisi na Ufaransa zikaunda tume ya pamoja mwanzoni mwa miaka ya sitini, mitambo ya kusafisha ikajengwa, na mwaka 1986 Uswisi ikapiga marufuku fosfati katika sabuni hizo. Leo sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Geneva hutoka humo. Ni ziwa la kilomita za mraba 580, letu linalizidi zaidi ya mara mia. Ila kwa kina wametushinda, mita 310 kwa themanini hivi.

Jumapili maduka yote yalifungwa, tukapanda Savoie, meli ya mvuke ya 1914, hadi Nyon na kurudi. Mtu husimama katikati ya sitaha akachungulia chini kuona vyuma vinavyong'aa vikizungusha magurudumu. Jioni tukaagiza minofu ya samaki wa ziwani, ndivyo orodha ilivyosema. Mhudumu, alipobanwa na dada, alikiri kwamba samaki wa ziwa hawatoshi, hao wametoka Ulaya Mashariki. Jirani wa meza aliposikia natoka Mwanza alitaja *Darwin's Nightmare*, ile filamu ya mapanki na ndege za mizigo. Ndicho alichokijua kuhusu mji wangu. Nilimweleza kuhusu mawe ya Capri Point na sato wa kuchoma hadi akaagiza kahawa ya pili.

Jumatatu, saa ya chai, dada alipandisha gauni kidogo. Vipele vyekundu vilizunguka kifundo cha mguu. Wataalamu wa kichocho wa mataifa kadhaa waliacha vikombe wakainama kuchungulia, na mmoja akaomba ruhusa ya kupiga picha.

"Faranga kumi," alisema dada, "na ya Mwanza ni bure, yeye hakupata kitu."