Safari ya Kwenda kwa Bibi Mzaa Baba



Juma hili tumeombwa ushauri wa aina ambayo seminarini hatukufundishwa. Familia moja ya parokia yetu hapa Dodoma, baba Mdenmark na mama Mgogo, inapanga kwa mara ya kwanza kuwapeleka watoto wao watatu katika nchi ya baba yao. Wameturuhusu kuwashirikisheni jambo lao bila kutaja majina, nasi tumeona vema, kwani nyumba za namna hii zinaongezeka miongoni mwetu.

Wageni hao si wapya nchini. Mwaka 1963 Denmark pamoja na jirani zake Sweden, Norway na Finland walianzisha kituo cha Kibaha, ambacho mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali yetu na ambacho leo twakijua kama Shirika la Elimu Kibaha. Wengine walifuata kwa kazi za maji, afya na barabara, na baadhi yao wakaoa huku wakabaki.

Swali la kwanza lilikuwa ni lini waende. Baba alitaka Desemba, ili washerehekee Noeli na mama yake. Mama wa watoto aliposikia kwamba mwezi huo mchana wa Copenhagen ni wa saa 7 tu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watu wa kule hulima saa ngapi. Mwezi Juni mambo hugeuka, mchana ukazidi saa 17. Lakini hoja nzito haikuwa jua. Bibi huyo ana miaka 84, na mwaka huu amekwisha kulazwa mara mbili. Tuliwaambia waziwazi kwamba ikiwa Juni inatangulia, waende Juni.

Ndipo fedha zikaleta ugumu. Watoto wana pasipoti za Denmark, ila mama yao hana budi kuomba viza ya Schengen, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na nauli ni za watu watano. Baba akapendekeza aende yeye na mtoto wa kwanza tu. Sisi hatukukubaliana naye. Kumwona mkwe na wajukuu kwa picha ya simu ni jambo jema, lakini hakuna aliyewahi kumshika mtu mkono kwa simu.

Hata hivyo, kuhusu huyo mtoto wa kwanza baba alikuwa na sababu. Kijana anatimiza miaka 17. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 humvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, lakini akitimiza miaka 18 hawezi kubaki Mtanzania bila kuukana ule mwingine. Denmark nayo inaweza kumwondolea uraia, afikapo miaka 22, aliyezaliwa nje ambaye hakuwahi kuishi kule wala kuwa na mafungamano na nchi hiyo, asipoomba mapema kuuhifadhi. Alituuliza achague upi. Hatukumjibu, wala hatutamjibu. Tulimwambia tu kwamba haifai kuikana nchi ambayo hajaikanyaga, wala kuichagua.

Mama aliuliza pia kuhusu Misa. Denmark ni nchi ya Kilutheri tangu mwaka 1536, Wakatoliki hawafiki mmoja kati ya mia, na jimbo ni moja tu, la Copenhagen, linalofika hadi Greenland. Basi watafute mapema parokia iliyo karibu. Bibi akiwaalika kanisani kwake wamsindikize, waketi naye na kuimba naye, ila wasipokee meza ya Bwana huko. Watoto tumewaambia habari za Mwenye Heri Niels Steensen, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1638, tabibu na mchunguzi wa matabaka ya miamba, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1667 na baadaye kuwa askofu. Wao waliokulia katikati ya majabali ya Dodoma walimpenda mara moja.

Wadenmark humwita mama wa baba farmor, na mama wa mama mormor. Hawamchanganyi huyu na yule, kama sisi tusivyomchanganya shangazi na mama mdogo. Mormor wa Kigogo alitaka kupeleka samli na nyama kavu. Ikabidi aelezwe kwamba Ulaya haipokei nyama wala maziwa mkobani mwa msafiri kutoka kwetu. Alisikitika, akaona ni watu wagumu, kisha akatoa kibuyu kilichopambwa shanga. Akasema, "Mama yule alitupa mwanawe miaka ishirini. Wajukuu waende wakamwamkie."

Nauli za watu watano zimepatikana, baada ya ng'ombe wawili wa mama kuuzwa mnadani. Watapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, na huko watapanda ndege. Kijana ameomba barua ya utambulisho kwa paroko wa huko. Tumekwisha kuiandika na kuigonga muhuri. Inasubiriwa viza ya mama.