Nimemlea, Lakini Mwenye Uamuzi ni Mama Yake

Akina mama wenzangu, wengi wetu tunalea watoto ambao hatukuwazaa. Kwetu mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, wala hakuna anayedai karatasi. Lakini mtoto huyo akitaka kumfuata mama yake Uingereza, swali huulizwa, tena kwa ukali: ni nani hasa mwenye jukumu juu yake?

Mdogo wangu alikwenda huko mwaka 2011 kufanya kazi ya uuguzi, akaniachia binti yake wa miaka mitano hapa Moshi. Baba alikwisha kutoweka mtoto angali mchanga. Mwaka 2018, mdogo wangu akiwa amepata ukaazi wa kudumu, alimwombea binti viza, ikakataliwa. Barua ilisema kwamba mtoto anatunzwa na mimi na fomu za shule zina sahihi yangu. Basi mama hana jukumu peke yake. Fedha alizotuma kila mwezi hazikutosha kuwa ushahidi.

Nilikasirika. Angesaini nani mwingine, na mama yuko ng'ambo?

Wakili alitutuliza. Kanuni za uhamiaji za nchi ile, aya ya 297, humtaka mzazi wa namna hii awe amebeba peke yake jukumu la malezi. Lakini mwaka 2006, katika kesi iitwayo TD (Yemen), baraza la rufaa lilieleza kwamba matunzo ya kila siku yanaweza kufanywa na ndugu. Kinachotazamwa ni nani anayeongoza maisha ya mtoto na kukata mashauri yote makubwa.

Basi tukayatafuta hayo mashauri makubwa. Mwalimu mkuu aliandika kwamba nilikataa kumpeleka binti bweni mpaka alipozungumza na mama yake kwa simu. Hospitali ilitoa nakala ya ridhaa ya mama kabla ya upasuaji wa mafindofindo. Jumbe za simu za miaka mingi zilichapishwa na kutafsiriwa kwa Kiingereza: "Dada, asipate kipaimara mpaka nije." Zilikuwapo pia zile ambazo nilibishana naye nikashindwa. Hizo, alisema wakili, ndizo bora kuliko zote!

Kisha ikaja zamu ya maelezo yangu. Miaka saba nimekesha na homa zake, nimemsuka nywele kila Jumamosi, halafu niandike kwa mkono wangu: mimi sikuwa mwenye uamuzi. Ilikuwa kweli, na bado kalamu ilikuwa nzito. Mume wangu alinikuta nalia mezani. Hakusema neno, akaniletea chai.

Rufaa ilikubaliwa mwaka 2019, kwa msingi wa haki ya maisha ya familia. Binti aliondoka akiwa na miaka 13. Juma la kwanza tu alinipigia simu.

"Mama mkubwa, naweza kunyoa nywele?"

Nikamwambia amwulize mama yake. Nilimsikia nyuma yake, akiosha vyombo.