Kikombe Chetu Hakikuwa Robo Lita

Naungama: mwanangu alipima sawasawa, mimi nikamlazimisha kuandika uongo.

Alikuwa na kazi ya hesabu, vipimo vya ujazo. Hapa Usagara maji hatuyachezei, kwa hiyo nilizoea kumkaririsha tu: lita 1 ni mililita 1000, vikombe vinne ni lita moja. Siku hiyo akachukua kikombe cha bati tunachonywea uji, akakaa uani na kidumu cha lita moja, akaanza kumimina. "Baba, vimeingia vitano." Nikamkaripia kwamba anamwaga maji, arudie. Akarudia polepole, akikishika kikombe kwa mikono miwili. Vitano tena. Nikamwambia aandike vinne, naye akaandika, kwa sababu baba ndiye kasema.

Baadaye mdogo wake akaugua kuhara. Pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, imeandikwa wazi: lita moja ya maji safi na salama. Nikamimina vikombe vinne, nikashika kijiko nikoroge. Mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Baba, bado kimoja."

Nikafungua chupa mpya ya maji ya nusu lita, nikaimimina kwenye kikombe kile. Vikajaa viwili, cha tatu kikaishia katikati. Mililita 200, basi, si 250. Vinne vyangu vilikuwa mililita 800, na dawa ingezidi ukali kwa robo nzima. Mtoto aliyekaukiwa maji hudhurika chumvi ikizidi. Na nilishakoroga hivyo miaka mingi, kwa kujiamini.

Nilimwomba radhi yule mkubwa mbele ya mama yake. Kipimo cha muuza mafuta hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kikombe cha nyumbani hakuna anayekikagua isipokuwa sisi wenyewe, na aliyekikagua nilimnyamazisha.

Sasa watoto wanapima ndani ya beseni, na maji yanayobaki tunaoshea vyombo. Kwanza wanakisia: dumu la lita 20 litajazwa na chupa ngapi za nusu lita? Kisha wanamimina na kuhesabu hadi 40. Wameshajua kwamba macho yawe usawa wa maji, na kwamba ukijaza chupa mpaka mdomoni umepitiliza ujazo ulioandikwa.

Mzazi mwenzangu, kipime kikombe chako leo, na mtoto ndiye amimine. Akikuletea jibu tofauti na lako, pimeni tena pamoja kabla hujamwambia amekosea.